Liandikwe: Martha Karua, kutoka kiti cha hakimu hadi Bungeni

Waliokosa kufika Jumamosi wameniomba niwawekee hotuba yote. Hii hapa, kama nilivyoisema, salamu na yote.

Mabinti zangu wa sheria, wazazi mliosafiri usiku kucha kuja kuwaona watoto wenu, walimu, mawakili wenzangu, hamjambo? Hamjambo tena?

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanamke aliyeanzia kwenye sheria, akakalia kiti cha kuhukumu, kisha akaenda kutunga sheria Bungeni. Nikaachiwa nichague mwenyewe. Nimemchagua Martha Wangari Karua. Najua kuna watakaosema huyo tunamjua. Kweli, sauti yake tunaijua, misimamo yake tunaijua, na wengine humu wanampenda na wengine hawampendi hata kidogo. Lakini ni wangapi kati yenu mnaojua kwamba kabla Kenya haijaisikia sauti yake Bungeni, mwanamke huyu alikaa miaka sita akiandika maneno ya watu wengine?

Ndiyo, akiandika. Tuanzie hapo.

Ninyi mtaingia mahakamani mkute vinasa sauti na kompyuta. Hakimu wa miaka ya themanini alikuwa na kalamu. Shahidi anasema, hakimu anaandika. Wakili anapinga, hakimu anaandika. Shahidi akienda mbio, hakimu anainua mkono: "Pole pole, naandika." Siku nzima, kwa mkono wake mwenyewe, karatasi juu ya karatasi. Na karatasi hizo ndizo zitakazopanda kwenda kwa jaji wa rufaa. Jaji wa rufaa hakuwepo. Hakumwona shahidi akilia. Anasoma kilichoandikwa, basi.

Nilipokuwa wakili wa mwaka wa pili, mama mmoja mjane alinijia na kesi ya shamba. Alikuwa ameshindwa mahakama ya chini, hakuwa na wakili. Akanieleza kwamba siku ile alisimama akasema, "Kidole kilichotiwa kwenye makubaliano haya si changu." Alisema mara mbili. Nikafurahi, nikaona rufaa tunayo. Tulipopata nakala ya mwenendo wa kesi nikaisoma usiku, nikaisoma tena asubuhi. Hakuna. Hata mstari mmoja hakuna. Rufaa tulishindwa. Nje ya mahakama mama yule akanishika mkono akaniuliza: "Kwani mimi sikuongea?"

Mabinti zangu, alikuwa ameongea. Hakuandikwa.

Swali la mama yule nimelibeba miaka mingi, na ndilo lililonifanya nimwangalie Karua kwa jicho jingine. Wengi humsifu kwa ukali wake. Mimi namwangalia kwa jambo moja tu: tangu alipotoka kwenye kiti cha hakimu hadi leo, huyu mama hajakubali kusema neno zito mahali ambapo halitaandikwa, wala hajakubali kunyamaza mahali ambapo lingeandikwa. Nitawaonyesha.

Amezaliwa mwaka 1957 huko Gichugu, Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, mtoto wa pili kati ya wanane. Akasoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1977, akamaliza 1980, akapitia shule ya mawakili, na mwaka 1981 akateuliwa hakimu. Hajafikisha hata miaka ishirini na mitano. Akapanda hadi kuwa hakimu mkazi mwandamizi. Mwaka 1984 na 1985 ndiye aliyekuwa msimamizi wa mahakama ya Makadara, kisha Kibera 1986 na 1987. Mnaojua Makadara na Kibera mnajua ni kesi za nani zinazopita pale. Ni za muuza mboga aliyekamatwa na askari wa jiji, za mke aliyepigwa, za kijana aliyekutwa usiku bila kitambulisho. Mtu huyo hana wakili. Wakili wake ni kalamu ya hakimu.

Na ilikuwa miaka gani? Jaribio la mapinduzi lilikuwa limeshindwa Agosti 1982. Miezi michache kabla yake katiba ilikuwa imeongezwa kifungu cha 2A, nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Kufikia 1986 watu walikuwa wanakamatwa kwa madai ya kuwa wafuasi wa Mwakenya, kikundi cha siri kilichoipinga serikali, wanaletwa mahakamani jioni wakati watu wamekwenda nyumbani, bila wakili, wanakiri, wanafungwa. Katika Mahakama Kuu alikuwepo Effie Owuor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini. Wanawake wengine kwenye viti vya kuhukumu ungeweza kuwahesabu.

Mwaka 1987 Karua akaacha uhakimu, akafungua ofisi yake ya uwakili. Aliyekuwa anaandika maneno ya wengine sasa akaenda upande wa pili wa meza. Akachukua kesi ambazo mawakili wengi walizikimbia. Wapinzani wa serikali Koigi wa Wamwere na Mirugi Kariuki walipokamatwa mwaka 1990 na kushtakiwa uhaini, Karua alikuwa miongoni mwa mawakili wao wa utetezi. Wazazi, mnajua adhabu ya uhaini ni nini? Ni kifo. Na wakili aliyesimama na mtu wa uhaini siku zile, jina lake nalo lilikuwa linaandikwa, ila kwenye daftari jingine. Mashtaka hayo yaliondolewa Januari 1993.

Wakati huo alikuwa tayari amechaguliwa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Desemba 1992, Wakenya wakapiga kura ya vyama vingi. Gichugu ilikuwa na wakubwa wake. Geoffrey Kareithi alikuwa amewahi kuwa mkuu wa utumishi wa umma, mtu wa mali na majina. Karua alikosa tikiti ya chama alichoanza nacho. Wazee wa Democratic Party, waliochoshwa na ushindani wa muda mrefu wa wanaume wawili, wakampa tikiti yao. Akashinda. Kati ya viti 188 vya kuchaguliwa, wanawake walichukua sita. Sita! Walikuwamo Charity Ngilu, Phoebe Asiyo, Agnes Ndetei, Nyiva Mwendwa. Msiwasahau, kwa sababu Grace Onyango wa Kisumu alikuwa ameshafungua mlango ule mwaka 1969, na zaidi ya miaka ishirini baadaye bado walikuwa wanapita mmoja mmoja kama wanaopita kwenye ua wa miiba.

Na sheria walizozikuta humo? Hebu sikilizeni hii moja tu. Mwanamume Mkenya akioa mgeni, mkewe aliweza kusajiliwa raia. Mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni, mumewe hakuwa na haki hiyo. Na mtoto wake akizaliwa nje ya nchi, katiba ilimtazama baba. Mama alibeba mimba miezi tisa, lakini kwenye karatasi za uraia hakuandikwa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyofuta hayo.

Sasa niwasimulie mwaka 2001. Napenda mwaka huu kuliko yote katika maisha yake.

Mswada juu ya marekebisho ya katiba uliletwa Bungeni. Upinzani wote haukuutaka. Wakafanya nini? Wakainuka, wakatoka nje. Mnajua raha ya kutoka nje: kamera zinawafuata, mnapiga hotuba kwenye ngazi, jioni mko kwenye taarifa ya habari. Mmoja hakutoka. Karua alibaki amekaa upande wa upinzani peke yake, viti vitupu huku na huku. Zamu yake ilipofika akasimama, akatoa pingamizi zake, moja baada ya moja. Mswada ukapita. Alijua utapita. Lakini pingamizi zikaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na zimo mpaka leo.

Wenzake walikasirika. Waliona kama amewasaliti. Nami nawauliza: kati ya yule aliyesema kwenye ngazi na yule aliyesema ndani, ni nani anayeweza kusomwa na mwanafunzi wa sheria leo?

Lakini ngojeni. Mwaka huohuo, uwanja wa Kerugoya, Rais Moi anahutubia watu. Karua yupo, mbunge wa mkoa uleule. Wote wameketi, wote wanapiga makofi. Yeye akainuka, akaondoka. Akamwacha Rais anazungumza! Kwa Kenya ya wakati ule, wazee waliokuwapo wataeleza vizuri kuliko mimi jambo hilo lilikuwa na uzito gani.

Sasa binti mmoja aliniuliza wiki iliyopita: mbona Bungeni alibaki wenzake walipotoka, na uwanjani akatoka wenzake walipobaki? Si kinyume hicho? Hapana mwanangu. Ni mtu yuleyule, hesabu ileile. Bungeni ana haki ya kujibu, na kuna mtu anaandika. Uwanjani hana haki ya kujibu, na hakuna anayeandika. Ukikaa, kukaa kwako ndiko kutakakohesabiwa kuwa umekubali. Hapo mwili wake ndio uliokuwa pingamizi.

Mwaka 2003 akawa Waziri wa Maji, akasimamia utekelezaji wa Sheria ya Maji ya 2002. Kazi kubwa, lakini leo naipita. Mwishoni mwa 2005 akahamishiwa Wizara ya Haki na Masuala ya Katiba. Na hapa, wapendwa, sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Desemba 2007. Ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi. Kura za urais zinajumlishwa, nchi nzima iko mbele ya televisheni. Karua yuko pale upande wa Rais Kibaki, anabishana na upinzani uso kwa uso. Matokeo yakatangazwa, nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Nyumba ya shangazi yangu Nakuru iliteketea, akalala uwanjani na watoto wiki mbili. Mimi nilimkasirikia Karua. Nilimkasirikia sana. Nilijiuliza, yule wa Kerugoya yuko wapi? Kuna Wakenya ambao hadi leo hawajamsamehe kwa jinsi alivyoyatetea matokeo yale, na siwezi kusimama hapa kuwaambia hawana haki. Mwenyewe nimechukua miaka kuweza kulitaja jina lake bila uchungu.

Aliongoza ujumbe wa serikali katika mazungumzo ya hoteli ya Serena, mbele ya Kofi Annan, Mzee Benjamin Mkapa na Mama Graça Machel. Waliokuwa upande wa pili wa meza walimwona mgumu kuliko wote. Mkataba wa kuunda serikali ya mseto ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, shangazi yangu akarudi kwenye majivu yake.

Lakini fuateni yaliyofuata, kwa sababu mtu hapimwi kwa siku moja. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilipendekeza mahakama maalumu ya hapa nchini, iwahukumu waliopanga mauaji. Waziri wa Haki, Karua, akapeleka Bungeni mswada wa kubadilisha katiba ili mahakama hiyo isimame. Fikirini kidogo. Waliokuwa wanaogopa mahakama hiyo walikuwa pande zote mbili za serikali ile ya mseto, pamoja na upande wake mwenyewe. Tarehe 12 Februari 2009 kura ikapigwa. Waliounga mkono walikuwa 101, waliopinga 93. Zilihitajika kura 145. Mswada ukaanguka.

Baadhi waliupinga kwa nia njema, wakiamini mahakama ya kimataifa ya Hague ndiko kwenye haki. Wengine walijua Hague ni mbali na kesi huchukua miaka. Tunajua yaliyotokea: kufikia Aprili 2016 kesi zote za washukiwa sita zilikuwa zimekwisha bila hata mmoja kupatikana na hatia. Shangazi yangu alifariki bila kumwona mtu yeyote kizimbani kwa ajili ya nyumba yake. Kwa hiyo ninapoisoma Hansadi ya Februari 2009, sisomi kama wakili. Nasoma jina la kila mbunge, nasoma alisema nini siku ile, na ninamshukuru aliyewalazimisha waseme mahali ambapo palikuwa pakiandikwa.

Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Aprili 2009, akajiuzulu. Rais alikuwa ameteua majaji bila kumshirikisha yeye, waziri anayehusika na haki. Waziri Kenya kujiuzulu kwa hiari yake! Hana kashfa, hana kesi, hakusukumwa. Ni mara ngapi mmeona? Gari, walinzi, mshahara, vyote akaviacha mezani. Katiba mpya ambayo sheria yake ya mapitio ilipita akiwa wizarani ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, wengine wakiwa kwenye viti vya mbele. Katiba hiyo ndiyo iliyotupa wawakilishi wa wanawake 47. Ndiyo inayosema jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Na Bunge limeshindwa kutunga sheria ya kuitekeleza mara nyingi kiasi kwamba Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Hilo nawaachieni ninyi mlio kwenye madawati, maana ni deni lenu kulidai.

Mwaka 2013 aligombea urais, mwanamke pekee kati ya wagombea wanane. Alipata kura 43,881. Wapo waliocheka. Mwaka 2017 akagombea ugavana Kirinyaga, akashindwa, akaenda mahakamani. Kesi ikatupwa, ikarudishwa, ikatupwa tena, ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na huko akaambiwa muda wa miezi sita umekwisha. Angerudi nyumbani? Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Novemba 2020 kitengo cha kwanza cha mahakama hiyo kikaamua kwamba Kenya ilikiuka haki yake ya kusikilizwa. Kiti hakikurudi. Miaka mitano ya ugavana hakuna anayeweza kuirudisha. Nilipousoma uamuzi ule nilimkumbuka mama yangu wa shamba. Kwani mimi sikuongea? Mwenzake mmoja, angalau, alijibiwa: uliongea, na walipaswa kukusikia.

Mwaka 2022 akawa mgombea mwenza wa Raila Odinga, yuleyule ambaye Karua alikuwa amebishana na watu wake KICC miaka kumi na mitano nyuma. Hawakushinda. Wengi wa rika lake sasa wanalea wajukuu, na ni jambo jema. Yeye?

Novemba 2024 Dakta Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani wa Uganda, alikuja Nairobi kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha Karua. Akatekwa hapa hapa mjini kwetu, akaibukia Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mgeni wako amechukuliwa mlangoni pako, utafanya nini? Karua, miaka 67, akavaa joho akapanda ndege kwenda kumtetea. Baraza la Sheria la Uganda likakataa kumpa kibali. Akaomba tena. Januari 2025 akakipata. Mwezi huohuo mahakama ile ya kijeshi ilimfunga miezi tisa wakili mwenzake, Eron Kiiza, kwa kosa la kuidharau. Na mwezi huohuo, tarehe 31, Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Mei mwaka huo Karua akaenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania. Akazuiwa uwanja wa ndege, akarudishwa. Hata kurudishwa kwake kumeandikwa.

Mabinti zangu, nimeongea sana na naona mwalimu anaangalia saa. Nilikuwa na mengine juu ya ada za mafunzo ya uwakili, na juu ya wasichana wanaoombwa rushwa ya mwili ili wapate nafasi ya kujifunza kazi ofisini. Hilo la pili sitalikwepa: anayeombwa, aje anione baada ya kikao, tukae tuandike maelezo pamoja, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, na mtie sahihi wenyewe.

Sasa nipeni maswali. Anayeuliza asimame, na kabla hajauliza ataje jina lake lote, kwa sauti, ili yule binti pale pembeni anayeandika kumbukumbu za kikao alipate vizuri. Haya, wewe wa nyuma, mwenye kilemba cha kijani. Pole pole, anaandika.